Bibi Harusi, Tulia Kidogo



Itazame kadi ya mwisho ya harusi uliyoletewa nyumbani. Huenda ina aya ya 21 ya Surat Rum, ile inayotukumbusha kuwa Mwenyezi Mungu ametuumbia wenza ili tupate utulivu kwao, akajaalia mapenzi na huruma baina yetu. Tunaichapa kwa herufi za dhahabu. Kisha nyumba nzima, kuanzia bibi harusi mpaka shangazi zake, inakesha wiki nzima mbio huku na huku, na huo utulivu hauonekani hata kwa dawa.

Siku hizi mwanamke hodari tunamjua kwa kutokukaa. Ukimuuliza mtu hali, anakujibu, "Niko bize," na anajibu kwa fahari. Ukimkuta mwenzako amekaa uani, hana simu wala kisu cha kumenyea vitunguu mkononi, swali la kwanza ni, "Vipi, unaumwa?"

Bibi harusi ndiye anayebeba mzigo mkubwa zaidi. Asubuhi yuko kwa fundi cherehani, mchana anakimbilia ukumbini, jioni anachagua picha, usiku anajibu kundi la WhatsApp la kamati. Katikati ya hayo ana keki za wateja au mabaibui anayouza mtandaoni. Siku ya nikaha inafika, uso umepambwa lakini moyo umechoka, na swala ya Isha anaisali mbio mbio kwa sababu mpambaji anasubiri.

Wazee wetu hapa Unguja na Pemba walikuwa na dawa ya jambo hili. Mwari alitiwa ndani. Hakwenda sokoni, hakupika, hakuonekana ovyo. Alisingwa kwa singo ya liwa, karafuu na maua yenye harufu nzuri, nguo zake zikafukizwa udi, na somo akakaa naye akimfunda pole pole. Sisemi kila kilichofanywa zamani kilikuwa sawa, maana wapo waliotiwa ndani bila hata kuulizwa kama wanamtaka mume. Lakini siku zile zilimpa msichana kitu ambacho sisi tumekipoteza: nafasi ya kujua kwamba maisha yake yanabadilika, kabla hayajabadilika.

Leo singo ipo, tena tunailipia fedha nyingi. Ila mwari anasingwa huku simu iko mkononi, anapanga viti vya wageni. Ngozi inalainika, kichwa kimebaki vile vile.

Hina peke yake ndiyo iliyobaki kutulazimisha. Ukishapakwa mikono na miguu huwezi kushika kitu wala kutembea, maana ukiibandua mapema haikolei. Unalishwa kwa kijiko kama mtoto, unasikiliza mazungumzo ya mama na khalati zako. Natamani bibi harusi asiyaone masaa yale kuwa ni kero. Pengine ni masaa pekee ya harusi yake ambayo hakuna anayemtaka afanye kitu chochote.

Na fungate je? Ilikuwa siku saba maarusi wametulia, wanaletewa chakula, hawana kazi ila kuzoeana. Siku hizi wako wanaorudi kazini siku ya tatu, na wako wanaofanya fungate lakini kila mlo lazima upigwe picha upelekwe mtandaoni. Mume na mke wako chumba kimoja, kila mmoja anatazama kioo chake. Huo utulivu wa kwenye kadi utaingilia wapi?

Dada yangu, kutulia si uvivu. Ni sehemu ya dini yetu. Tunajua habari ya yule mtu aliyeingia msikitini akasali haraka haraka, na Mtume (S.A.W.) akamrudisha akasali tena, mara tatu, kisha akamfundisha: urukuu mpaka utulie, usujudu mpaka utulie, ukae mpaka utulie. Alirukuu na alisujudu, ila hakutulia, na ikahesabiwa kuwa hajasali. Ikiwa mbele ya Mola wetu vitendo bila utulivu havikutosha, vipi tudhani vitatosha katika ndoa?

Mfikirie pia Bi Fatma (R.A.). Mikono yake ilikuwa imeumia kwa jiwe la kusagia, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Hakumkuta, lakini Mtume (S.A.W.) alipopata habari aliwafuata yeye na Sayyidna Ali (R.A.) nyumbani kwao usiku, wakiwa wameshalala. Hakumwambia kuwa anadeka. Aliwafundisha, wanapopanda kitandani, waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34, akawaambia kuwa hayo ni bora kwao kuliko mtumishi. Mimi hunigusa kwamba alipewa dhikri ya wakati wa kulala. Siku imeisha, jiwe limewekwa chini, ulimi unamtaja Mola na mwili unapumzika.

Najua mtaniambia, "Maneno hayo ni ya mwenye msaidizi nyumbani. Mimi nisipoamka alfajiri kuchoma maandazi, watoto watakula nini?" Ni kweli kabisa. Kazi ya halali ni heshima, na Bi Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara. Simwambii mtu aache riziki yake. Lakini tuseme ukweli, katika yanayotuchosha mangapi ni riziki, na mangapi ni macho ya watu? Sare ya nne ya harusi si riziki. Kujibu kundi la kamati saa sita usiku si riziki.

Tena mapumziko ya mke si kazi ya mke peke yake. Bi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) akifanya nini nyumbani, alisema akiwahudumia watu wake, na ukifika wakati wa swala hutoka kwenda kusali. Basi unapozungumza na mchumba wako mbele ya walii wako, usiishie kwenye mahari na samani. Mwulize pia nani ataosha vyombo siku utakayokuwa umechoka.

Kwa bibi harusi anayesoma hapa, nakuomba mambo matatu tu. Siku tatu kabla ya nikaha, mkabidhi simu ya kamati dada au shangazi unayemwamini. Ukishatoa salamu ya swala, usinyanyuke mara moja, kaa juu ya msala mpaka umalize tasbihi zako. Na fungate yako ifanye ya watu wawili. Picha zitakuwepo, siku saba zile hazirudi.

Watu watasema harusi ilipooza. Waache waseme, wakishakula biriani watakwenda makwao. Wewe ndiye utakayebaki na ndoa.

Allah awajaalie maarusi wetu wote utulivu, mapenzi na huruma, na atupe sisi tuliokwisha olewa nguvu ya kukaa chini bila kuona haya. Amin.