Kufunga si Kushinda na Njaa



Katika mkutano wetu wa jamaa uliofanyika hapa Gahanna, vijana walileta shauri kwamba sisi sote tuanze kufunga na kuomba siku moja kila juma. Wengi waliitikia Amina. Lakini mama yangu mzazi, aliyekuwa ameketi karibu na mlango akimpakata kitukuu chake, alisema maneno machache yaliyotunyamazisha. Alisema, "Mimi nilifunga Nyarugusu. Imetosha." Baadhi yetu walicheka, wengine wakainamisha vichwa, na shauri likaahirishwa. Tangu siku hiyo nimelifikiri sana neno lile. Maoni yangu ni kwamba shauri la vijana ni jema na yafaa tulifuate, lakini hatutaanza vizuri kabla hatujamjibu Mama.

Kwa faida ya watoto waliozaliwa huku, nieleze kidogo. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita vya Kivu ya Kusini. Tulipewa unga wa mahindi, maharagwe, mafuta na chumvi kwa kipimo. Mgao ulipochelewa, au ulipopunguzwa kama ilivyotokea mwaka 2017, mama ndiye aliyekula mwisho, na siku nyingine hakula kabisa. Aliwaambia watoto kwamba ameshiba. Hakuna aliyemwuliza kama yumo katika maombi.

Basi nasema wazi: ile haikuwa saumu. Afungaye huzuia mkono wake mbele ya chakula kilichopo. Asiye na chakula hakufunga, amenyimwa. Ni makosa kumwambia mtu aliyelala njaa kwamba alikuwa anapata baraka ya kufunga, kama nilivyowahi kusikia kwa masikio yangu. Tena nasema kwamba sisi tulio Marekani leo, wenye friji iliyojaa na mshahara kila majuma mawili, ndio hasa tunaoweza kufunga. Wengi wetu tumepata nafasi hiyo kwa mara ya kwanza maishani, na hatuitumii.

Watoto wetu wameliona jambo hili kabla yetu. Columbus ina Wasomali wengi sana, na shuleni watoto hukaa dawati moja na wenzao wanaofunga mwezi mzima wa Ramadhani. Binti yangu alirudi siku moja akaniuliza, "Baba, kwani Wakristo hawafungi?" Nilimjibu kwamba tunafunga. Akauliza, "Lini?" Hapo nikakosa la kusema.

Ukweli ni kwamba Wakristo wamefunga tangu mwanzo. Yesu, alipofundisha juu ya kufunga katika Mathayo sura ya 6, alizungumza kama mtu ajuaye kwamba wanafunzi wake watafunga. Alichokataza ni kukunja uso ili watu waone. Kanisa la Antiokia lilikuwa katika kufunga na kuomba lilipowatuma Barnaba na Sauli, kama tunavyosoma katika Matendo sura ya 13. Kitabu kidogo cha kale cha mafundisho ya Kanisa, kiitwacho Didache, kiliwaelekeza waumini kufunga Jumatano na Ijumaa, na jirani zetu Waorthodoksi wa Ethiopia wanazishika siku hizo hadi leo. Wakatoliki wana Kwaresima, na sheria yao ya kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu inawahusu watu wazima walio kati ya miaka 18 na 59. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea mpaka kwa babu zetu, ulizaliwa katika maombi ya watu waliojitenga kumtafuta Mungu. Tunda lake lilionekana: watu waliungama, walipatana na maadui, walirudisha vitu walivyoiba. Kwa hiyo vijana hawakuleta mtindo mpya. Wanatukumbusha mali yetu wenyewe.

Lakini kuanza kuna hatari zake, na mimi ni shahidi, maana nilianza vibaya. Katika mwaka wangu wa pili hapa nilikuwa nafanya kazi ya usiku katika ghala. Mdogo wangu alikuwa bado kambini na habari zake zilikuwa mbaya. Nikamkumbuka Esta, aliyefunga siku tatu bila chakula wala maji, nikaamua kufanya vivyo hivyo bila kumwambia mtu yeyote, hata mke wangu. Usiku wa pili nilianguka katikati ya masanduku. Wenzangu walininyanyua, wakaninywesha maji, nikarudishwa nyumbani.

Kuanguka kwenyewe hakukuniumiza sana. Kilichoniumiza ni kugundua, nilipokuwa nimelala kitandani, kwamba katika siku hizo mbili sikuwa nimeomba hata saa nzima. Wakati wa kula niliutumia kulala. Watoto niliwafokea. Mke wangu aliponiuliza nina nini, nilimjibu kwa ukali. Nilikuwa nimeshinda na njaa tu, ile ile ya Nyarugusu, safari hii kwa kujitakia. Someni Isaya sura ya 58 mwone jinsi Mungu anavyowakataa watu wanaofunga huku wakigombana na kuwaonea watumishi wao.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni huu. Anza na mlo mmoja, usianze na siku tatu. Acha chakula cha mchana siku ya Ijumaa, na muda ule ule ambao ungekula, omba. Andika mambo matatu utakayoyaombea, maana akili yenye njaa hutangatanga. Ukizoea kwa mwezi mmoja, acha na cha asubuhi. Maji kunywa. Kama wewe ni mtu wa chai nyingi au kahawa, ipunguze siku chache kabla, la sivyo kichwa kitakuuma na utadhani ni shetani. Jioni fungua kwa uji au matunda, usiurukie mlima wa ugali.

Kuhusu saa, tusifuate jua. Kwetu jua huchomoza na kuzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Hapa Gahanna mwezi wa Juni jua huzama karibu na saa tatu usiku, na mwezi wa Desemba huzama mnamo saa kumi na moja jioni. Saa za Louisville, Columbus na Buffalo ni zile zile, basi tukubaliane kufungua saa kumi na mbili jioni, majira yote. Nusu saa kabla yake tuombe pamoja kwa simu. Wenye zamu ya usiku wajipangie saa zao, na anayeendesha gari la kunyanyulia mizigo au anayesafiri barabara kuu usiku asifunge siku hiyo.

Wengine watasema Yesu aliagiza tufunge kwa siri. Ni kweli, lakini siri ile ni dhidi ya majivuno. Haimaanishi kumficha mkeo au mumeo. Antiokia walifunga pamoja na walijuana. Tena mwenye kisukari, anayekunywa dawa za presha, mjamzito, anayenyonyesha, mzee na mtoto, hao wasiache chakula kabla ya kuzungumza na daktari. Wanaweza kuacha simu, televisheni au sukari ya chai, wakaomba nasi.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya Shakahola. Mwaka 2023, katika msitu huo wa kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, pamoja na ya watoto. Mashtaka yanasema waumini waliambiwa wafunge hata kufa ili wakutane na Yesu. Walikuwa watu wanaosoma Biblia yetu, wengi wao kwa Kiswahili chetu. Tusiseme kwamba hayawezi kutufika. Siku hizi mtu hukaa Buffalo akapokea amri ya mhubiri asiyemjua kwa njia ya simu: funga siku kadhaa, tuma sadaka, usiwaambie nyumbani. Mimi nasema anayekuamuru ufunge kwa siri ya nyumba yako, asimamishwe hapo hapo. Kufunga huamuliwa na mwenye tumbo, na jamaa yake wakijua.

Na sasa jibu la Mama. Isaya anasema kufunga anakokutaka Mungu ni pamoja na kuwagawia chakula wenye njaa. Maana yake sahani niliyoiacha si yangu tena, nikiirudisha kwenye friji nimeweka akiba tu. Nyumba yenye watu wazima 4, kila mmoja akitenga dola 5 kila Ijumaa, hupata dola 20 kwa juma, na kwa majuma 52 ni dola 1,040. Nusu ya fedha hizo inaweza kwenda kwa ndugu zetu waliobaki nyuma, na nusu kwa wahitaji wa hapa. Gahanna ina ghala la chakula liitwalo GRIN, na Louisville na Buffalo hazikosi mahali kama hapo. Mama hadaiwi saumu. Yeye ndiye ambaye saumu ya mtu mwingine ilipaswa kumfikia, na haikumfikia.

Nilimsomea maandishi haya kabla ya kuyatoa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi fungeni nyinyi, mimi nitaomba. Lakini uji wa jioni nitaupika mimi, nyinyi hamjui kuupika."

Ndugu zangu, naomba tuanze Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao, kwa mlo mmoja tu. Kila nyumba imteue mtu wa kuweka ile fedha, na tutakapokutana tena tutoe hesabu mbele ya Mama. Mungu atusaidie. Amina.