Ushirika wa vyuo na shule: mwalimu naye akae mezani

Nipo Didia, mtandao unasumbua kweli, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Hoja yangu ya leo: chuo cha Ulaya kikiungana na taasisi zetu kufundisha afya mashuleni, haki iko wapi?

Mfano upo hapa hapa jirani. Mradi wa MEMA kwa Vijana uliingia shule za msingi mwaka 1999, vijijini Geita, Sengerema, Misungwi na Kwimba, enzi hizo wilaya zote za mkoa wa Mwanza. Waliokuwemo ni NIMR, AMREF na London School of Hygiene and Tropical Medicine, pamoja na serikali. Maeneo yalikuwa 20. 10 yakapata mafunzo, mengine 10 yakawa ya kulinganishia.

Walimu wa kawaida ndio waliofundisha afya ya uzazi, darasa la 5 hadi la 7. Hakuletwa mgeni kushika chaki. Hapo nawapa maksi zote.

Mwaka 2007 na 2008 wakapima vijana karibu 14,000. Uelewa ulikuwa umepanda, lakini VVU havikupungua kwa maana yoyote ukilinganisha na kule kwingine. Wakatangaza hivyo hivyo bila kuficha, nalo ni jambo la heshima.

Ninavyoona mimi, somo lilifika ila maisha ya mtaani yakabaki pale pale. Binti anaweza kujua kila kitu kuhusu kondomu, bado anahitaji sabuni na nauli, na mwenye hela za machimbo ni mtu mzima. Mwalimu wa kijijini analijua hilo fika. Ndiyo maana nasema aitwe siku ya kupanga swali lenyewe, siyo siku ya semina tu, soda na posho.

Kuna watakaosema mwenye hela ndiye anayeamua. Siyo kweli jamani! Mgeni hafanyi utafiti nchini bila kibali cha COSTECH, na ukiwa wa afya lazima upite NIMR. Rungu tunalo. Tulitumie kudai majibu yarudi shuleni kwa Kiswahili, na sisi wa ualimu tufundishwe mada hizi vizuri chuoni. Mradi ukiisha wageni wanapanda ndege, sisi tunabaki na darasa.

Naomba kutoa hoja. Wadau mnasemaje?