Punguza Unene Bila Kushinda na Njaa

Ndugu msomaji, mama mmoja muuza maharage wa mjini Kasulu ametuletea swali ambalo bila shaka linawasumbua wengi. Alipopimwa aliambiwa kuwa shinikizo lake la damu limepanda na kwamba yampasa apunguze uzito. Kwa majuma mawili alishinda na chai ya rangi na kulala na tunda moja. Alipungua kweli, lakini juma la tatu njaa ilimshinda, na kilo zote zikarejea. Kilichomwumiza zaidi ni maneno ya mumewe: “Mama watoto, ukikonda majirani watasema sikulishi.”

Tuanze na hiyo njaa. Mwili ulionyimwa chakula ghafla hubana matumizi ya nguvu zake, hupoteza misuli, na hamu ya kula huzidi. Kwa hiyo anayejinyima kupita kiasi hushindwa kwa maumbile, si kwa ulegevu wa moyo. Unene huingia haba na haba, nao sharti utoke haba na haba. Nusu kilo kwa juma ni mwendo mzuri.

Sasa tutazame jikoni. Nyanda za Kasulu zimejaliwa maharage, mahindi, mihogo, ndizi na mboga za majani, na dagaa hutoka Ziwa Tanganyika. Hakuna haja ya chakula cha kigeni wala dawa za kukondesha zinazotembezwa mitaani. Kinachotakiwa ni kubadili vipimo.

Kwanza, mawese. Mafuta haya mekundu yana faida yake, kwani huupa mwili vitamini A, na hatusemi yaachwe. Lakini kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya aina yoyote kina kalori 120 hivi. Anayemimina kutoka kwenye chupa hajui ametia vijiko vingapi. Pima kijiko kimoja kwa kila mlaji. Sombe iliyoungwa kwa karanga ina mafuta yake tayari. Mawese yawe kidogo tu.

Pili, sukari. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, ni vijiko vidogo tisa kwa siku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaeleza kuwa ni bora sukari isizidi gramu 25 hivi kwa siku, yaani kama vijiko vidogo sita. Punguza nusu kijiko kila juma, na ulimi utazoea.

Tatu, sahani. Robo yake iwe ugali, robo maharage au dagaa, na nusu mboga za majani na matunda. Maharage hushibisha kwa muda mrefu, hivyo hutatamani andazi saa nne.

Nne, miguu. Ukienda sokoni kwa pikipiki, rudi kwa miguu. Nusu saa ya mwendo wa haraka, siku tano kwa juma, yatosha kwa kuanzia.

Nawe baba, sikiliza. Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai ilitufundisha kula vyema wakati hofu kubwa ilikuwa upungufu wa chakula. Hofu hiyo haijaisha, lakini imepata mwenziwe: utafiti wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Unene si cheti cha kutunzwa. Mke anayepanda mlima wa nyumbani bila kuhema ndiye aliyetunzwa.

Tahadhari: watoto wadogo wasipunguziwe chakula wala mafuta. Mama mjamzito, anayenyonyesha, na mtu atumiaye dawa za kisukari au shinikizo la damu wamwone kwanza mganga. Anayekonda bila kukusudia aende hospitali upesi.

Mama wa Kasulu, usimpikie mumeo chungu chake nawe chako. Pikeni chungu kimoja, kwa kijiko kilichopimwa, mle pamoja. Majirani watakapowaona mnashiba meza moja, watakosa la kusema.

Tukutane Jumapili ijayo.