UTI Isiyokwisha kwa Mjamzito: Achunguzwe Kabla ya Kuandikiwa Tena

Mjamzito anayerudi kliniki mara ya tatu akilalamika kuwa mkojo unamchoma aghalabu huandikiwa dozi nyingine ya antibiotiki, pasipo mtu kumlaza kitandani na kumchunguza. Baadhi ya wanawake hao, ingawa ni wachache, wana kifuko kando ya mrija wa kutolea mkojo, kiitwacho kitaalamu divetikulamu ya urethra.

Chanzo chake kwa kawaida ni vijitezi vilivyo pembeni mwa mrija huo. Huziba, hutunga usaha, kisha hupasukia ndani ya mrija na kuacha uwazi. Mkojo unaotuama humo hurutubisha maambukizi upya, ndiyo maana dawa hutuliza kwa muda tu. Maambukizi hayo yakipanda hadi kwenye figo, huweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Dalili nyingine ni matone yatokayo baada ya kukojoa, na maumivu wakati wa tendo la ndoa, ambayo wengi hawayasemi wasipoulizwa.

Ugunduzi hauanzi na mashine. Kidole kikipapasa taratibu ukuta wa mbele wa uke huweza kuhisi uvimbe laini wenye kuuma. Ukibonyezwa, pengine usaha huchuruzika kwenye tundu la mkojo. Utrasaundi husaidia kuthibitisha, na MRI huonyesha zaidi.

Hata hivyo, kukigundua si kukikata. Wakati wa ujauzito nyonga hujaa damu, hivyo upasuaji huweza kuvujisha damu nyingi, na mshono usipopona vema huacha fistula. Busara ni kuotesha mkojo na kuchagua dawa iliyo salama kwa mtoto, ya jamii ya penisilini au sefalosporini, si siprofloksasini inayonunuliwa ovyo madukani. Kifuko kikivimba hadi kuzuia mkojo, hunyonywa kwa sindano. Upasuaji wenyewe husubiri miezi kadhaa baada ya kujifungua. Uvimbe mgumu au utokao damu ni habari nyingine: huo haufai kusubiri bila uchunguzi wa kina.

Wengi hujifungua kwa njia ya kawaida, na kifuko peke yake si sababu ya kumpasua mama tumbo.

Watakuwapo watakaosema kuwa foleni ni ndefu na faragha ni haba. Ni kweli; lakini mwanamke huyo amekwisha kupanga foleni hiyo mara tatu.