Mwendo wa Kobe katika Mfereji wa Kusini

Ndugu msomaji, juma hili nakuomba uketi nami katika mashua isiyojua haraka. Iko kusini mwa Ufaransa, katika mfereji uitwao Canal du Midi, na sheria ya huko haimruhusu nahodha kupita mwendo wa kilomita 8 kwa saa. Mtu aliyechelewa kazini aweza kuifuata kwa miguu kando ya maji, na akikaza mwendo kidogo ataiacha nyuma. Hata hivyo, kila majira ya joto yafikapo, watu kwa maelfu hulipa fedha nyingi ili wapelekwe polepole namna hiyo. Mama hushika usukani, ingawa juzi tu alikuwa mezani kwake ofisini, maana mashua za kukodi huko hazidai leseni. Baba husimama mbele na kamba mkononi. Watoto hukaa juu wakihesabu bata, na hakuna anayeuliza saa.

Starehe hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Ni mwezi Juni 1936, baada ya migomo mikubwa viwandani, ndipo sheria ya Ufaransa ilipowapa wafanyakazi wote likizo ya majuma mawili yenye malipo. Mwaka 1982 ikafikia majuma matano. Sisemi kwamba kila kibarua wa Toulouse hukodi mashua. Kodi yake si ndogo, na wengi hupita kando ya maji kwa baiskeli au kwa miguu, wakiitazama starehe ya wenzao bila kulipa senti.

Mfereji wenyewe ulichimbwa kwa sababu nyingine kabisa. Zamani mzigo uliotoka pwani ya Atlantiki kwenda Mediterania ulilazimika kuizunguka Hispania yote na kupita Gibraltar, safari ndefu yenye dhoruba na maharamia. Mwaka 1666 Mfalme Louis wa Kumi na Nne alitoa idhini ya kuchimbwa njia ya maji ya kukata nchi katikati. Mwenye wazo na mwenye kazi alikuwa Pierre-Paul Riquet, mkusanyaji wa kodi ya chumvi. Hiyo haikuwa kazi ya kumpatia mtu marafiki, lakini ilimpatia utajiri.

Kuchimba kulikuwa nusu tu ya shida. Kati ya bahari hizo mbili nchi imeinuka, na maji, kama tujuavyo, hayapandi mlima kwa hiari yake. Riquet alipanda juu zaidi, kwenye safu ya Montagne Noire, akavikusanya vijito vya huko, akajenga bwawa kubwa la Saint-Ferréol, kisha akayateremsha maji mpaka Naurouze, juu ya mgongo wa nchi. Hapo hugawanyika, mengine yakielekea Atlantiki na mengine Mediterania. Msafiri wa leo huelea juu ya hesabu hiyo huku akinywa kahawa yake.

Kazi ilipopamba moto walikuwapo wachimbaji wapatao 12,000, wanawake wengi miongoni mwao, wakibeba udongo kwa vikapu. Na hapa kuna jambo ambalo mimi, kila nilisomapo, huwa nalirudia mara mbili. Katika karne ile ya 17 wachimbaji hao walilipwa kwa mwezi, na mshahara wao haukukatwa kwa siku za Jumapili, za sikukuu, wala za mvua. Hata mgonjwa alilipwa. Sidhani kwamba mkusanyaji kodi alikuwa na moyo wa huruma kupita wenzake. Alihitaji mikono mingi, na aliihitaji ibaki. Ila mchimbaji aliyelala na homa hakujali sababu. Alijali kwamba watoto wamekula.

Riquet mwenyewe alitia mali yake humo, takribani sehemu ya tano ya gharama, na yasemekana hata mahari ya binti zake iliingia majini. Alifariki mwezi Oktoba 1680 akiwa na madeni makubwa. Mfereji wa kilomita 240, kutoka Toulouse hadi ziwa la Thau kando ya bahari, ulifunguliwa mwezi Mei 1681.

Basi mashua yetu imefika kwenye lango la maji. Ni chumba cha mawe chenye milango mbele na nyuma: unaingia, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanaachiwa, nawe unapanda taratibu kama mtu aliyebebwa mgongoni, mpaka ulingane na maji ya mbele. Kuta za vyumba hivyo zimepinda mithili ya yai, kwa sababu ukuta ulionyooka ulibomoka mapema na Riquet akajifunza. Karibu na mji wa Béziers, pale Fonserannes, vyumba vimepangwa kama ngazi na kuzipandisha mashua zaidi ya meta 21. Watu wa mji huja na watoto wao kutazama wageni wanavyogombana kwa sababu ya kamba.

Lakini yako wapi matishari? Kwa karne mbili farasi walitembea kandokando wakivuta matishari ya nafaka na mvinyo. Mwaka 1857 reli ilifika, na mwaka uliofuata serikali ikaukodisha mfereji kwa kampuni ileile ya reli, kwa miaka 40. Fikiria, msomaji: ukabidhiwe duka la mshindani wako ulitunze! Mizigo ilipungua. Baadaye injini ziliwapumzisha farasi, na malori yakachukua kilichobaki, hata mwishoni mwa miaka ya 1980 biashara ya mizigo ikafa. Familia zilizokuwa zimezaliwa na kulelewa juu ya matishari zilishuka nchi kavu kutafuta kazi nyingine.

Sasa hata kivuli kinaondoka. Miti ya platani ipatayo 42,000, mingi ikiwa ya karne ya 19, ilipangwa kingoni kama askari wa gwaride. Mizizi yake hushika udongo usiporomoke, na matawi huyakinga maji na jua. Mwaka 2006 iligunduliwa humo kuvu isiyo na dawa, ambayo inadhaniwa iliingia Ulaya ndani ya masanduku ya risasi ya majeshi ya Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mti ukiugua hukatwa na kuchomwa, na maelfu kwa maelfu imekwisha kukatwa. Mashua zenyewe huusambaza ugonjwa, zinapokwaruza mizizi. Mahali pao hupandwa miche ya aina mbalimbali, hasa mialoni, ili ugonjwa mmoja usiweze tena kuimaliza yote.

Jioni malango hufungwa, na mashua za kukodi haziruhusiwi kutembea usiku. Zamani nahodha angeifunga kamba yake kwenye shina la platani. Siku hizi ni marufuku. Baba hushuka ukingoni na nyundo na vigingi viwili vya chuma, akavipigilia ardhini kati ya kisiki na mche, mama akimwelekeza kutoka kwenye usukani.