Soka ni neno la Waingereza, waulizeni magazeti yao

Wiki iliyopita niliandika kwamba soka la Bongo linakua, na kabla jua halijazama nikawa nimeshapigwa madongo. Msomaji mmoja akaniambia niache Umarekani, eti mchezo unaitwa football, soka ni neno la watu wanaocheza mpira kwa mikono. Kijiweni kwetu nako kuna jamaa, Arsenal wa kufa, ukitaja soka anakukata jicho kama umeitukana timu yake.

Jibu ninalo, na limo kwenye magazeti ya zamani ya haohao Waingereza.

Tuanzie 1863. Vilabu vilikutana kwenye baa moja London vikaunda Football Association, ile FA ya leo, ili mchezo uwe na sheria moja. Waliotaka kubeba mpira mikononi wakajitoa, wakaenda na raga yao. Zikawa football mbili. Baadaye vijana wa Oxford, waliokuwa na ugonjwa wa kukata maneno na kuyabandika "er" mwishoni, rugby wakaiita rugger, na katikati ya association wakachomoa "soc", ikazaliwa soccer. Usiwacheke. Sisi wenyewe tuliichukua Young Africans tukaichonga mpaka ikawa Yanga.

Mwaka 1905 gazeti la New York Times liliandika socker, kwa herufi k, na msomaji akatuma barua kulalamika kwamba hakuna neno kama hilo, ni mtindo tu wa vijana wa Oxford na Cambridge. Yaani Marekani ndiko walikolikataa kwanza! Zaidi ya miaka mia baadaye malalamiko kama yale yananifikia mimi, ila kwa WhatsApp.

Profesa Stefan Szymanski wa Chuo Kikuu cha Michigan alifanya kazi ambayo wabishi wa kijiweni hawaifanyi: alihesabu. Utafiti wake wa 2014 ulipekua matoleo ya miaka mingi ya The Times la London na New York Times. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, Waingereza walitumia football na soccer bila ugomvi wowote. Kuanzia miaka ya 1980 wakaanza kuliacha. Szymanski anaona sababu ni kwamba Wamarekani walikuwa wamelizoea mno, hasa baada ya ligi yao kupata kelele, Pele akiwa New York Cosmos.

Kwa kifupi, Mwingereza aliona jirani kavaa shati kama lake, akalivua.

Kumbukeni jarida la World Soccer lilianzishwa London mwaka 1960. Matt Busby, aliyeipa Manchester United Kombe la Ulaya 1968, kitabu cha maisha yake kinaitwa Soccer at the Top. Nenda kamwambie Mzee Busby hakujua mchezo unaitwaje.

Na sisi tulitawaliwa na Mwingereza, si Mmarekani. Soka tulilipokea kwake, tukalipa irabu zetu, tukalizoea. Akiamua kulitupa la kwake ni shauri lake. Mimi kesho nitaliandika tena.

Kinachoniuma ni kingine. Szymanski aliweza kuhesabu kwa sababu kuna watu walitunza magazeti yale na kuyaingiza kwenye kompyuta. Ya kwetu mangapi yamefungia maandazi? Natamani kumjua ripota wa kwanza aliyeandika "soka" kwenye gazeti la Kiswahili, ilikuwa mechi gani, labda Yanga na Sunderland, kabla Sunderland haijaitwa Simba mwaka 1971.

Mwenye sanduku la magazeti ya babu yake uvunguni, tafadhali asimpe muuza karanga. Anishtue, nitayafuata mwenyewe.