Mbuzi wa Mama Si Mtaji wa Kampuni Yako

Kila msimu wa intanshipu ukifika, washauri wa kazi mtandaoni huanza wimbo mmoja. Kijana, ukipata nafasi usianze kuuliza mambo ya pesa. Usiulize nauli, usiulize nyumba. Onyesha una kiu ya kazi. Shukuru, panda gari, fika mapema. Na kwa sababu ni Wakenya, lazima wamalizie na methali: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Sawa, tuiname. Lakini kuinama kuna bei, na hawa washauri huwa hawasemi nani anailipa.

Kwa sababu mtu hulipa. Kondakta wa basi la usiku hapokei kiu ya kazi. Keateka wa ploti kule Zimmerman hapokei shukrani; anataka kodi ya mwezi mmoja na dipositi ya mwezi mwingine, na anataka zote kabla hujaingiza godoro. Pesa ya kumtoa mtu nyumbani hadi kazini ni gharama ya kazi, kama vile stima na intaneti ya ofisi. Mwajiri akikataa kuilipa, gharama haiyeyuki. Inateremka tu mpaka impate mtu asiye na wa kumteremshia.

Wacha nipige hesabu yangu mwenyewe. Baada ya kutoka chuoni mwaka wa tatu kwa sababu ya karo, niliendelea kuandika, nikatumatuma kazi zangu huku na kule, na kampuni moja ya Nairobi ikanipa intanshipu ya miezi mitatu kwenye idara yake ya mawasiliano. Posho ni shilingi 15,000 kwa mwezi, inalipwa mwezi ukiisha. Mimi nilikuwa Kakamega. Nikachukua karatasi.

Nauli ya kwenda na kurudi, 3,000. Kodi ya bedsita, 8,000 kwa mwezi, mara tatu ni 24,000. Dipositi, 8,000. Godoro la futi tatu, 3,500. Meko na sufuria mbili, 4,500. Matatu 200 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, miezi mitatu ni 13,200. Chakula cha 150 kwa siku, yaani chapati, maharagwe na maombi, ni 13,500. Jumla 69,700.

Posho ya miezi mitatu ni 45,000.

Tuseme landilodi ni mcha Mungu na dipositi inarudi yote. Tuseme pia godoro na meko ni mali yangu, kwa hivyo tusizihesabu. Bado nimebaki na pengo la 8,700. Yaani baada ya kuhurumia kampuni kila mahali palipohitaji huruma, bado nilikuwa nalipa ili nifanye kazi. Na hiyo ni hesabu ya mwisho wa safari. Siku ya kwanza kabisa, kabla posho yoyote haijaingia, nilihitaji zaidi ya elfu thelathini mkononi. Unazitoa wapi?

Tunajua zinatoka wapi. Zinatoka kwa mama aliyekopa kwa chama chake na atalipa kwa riba. Zinatoka kwa mbuzi aliyekuwa amewekwa akiba ya karo ya mdogo wako. Zinatoka kwa grupu ya WhatsApp ya familia, ambapo mjomba anatuma mia mbili na mawaidha ya elfu mbili. Zikipungua, unafuliza, na kila pesa ikiingia kwa simu inamezwa kabla hujaiona. Sasa angalia hiyo picha vizuri. Kuna kampuni yenye jengo la vioo huko Westlands, na kuna mama anayeuza mboga Lurambi, na katika mpango huu anayemfadhili mwenzake ni mama. Hakuna mkutano wa wenyehisa uliowahi kumshukuru. Jina lake haliko kwenye ripoti ya mwaka. Lakini ametoa mtaji, na mtaji wenyewe ulikuwa na kwato nne.

Niliuliza. Nilimwandikia afisa wa HR kwa heshima zote, nikauliza kama kampuni inaweza kunisaidia na gharama ya kuhama, au hata kunilipa posho ya kwanza mapema. Baada ya siku mbili jibu likaja: hatuna bajeti ya hiyo, na kuna wengi wanaosubiri nafasi hii. Nafasi ikaenda kwa mmoja wa hao wengi. Huyo sina kinyongo naye, hata simjui. Kinachonisumbua ni neno lenyewe. Hao wengi ni akina nani?

Ni yule aliye na anti Umoja. Ni yule ambaye binamu yake wa Rongai ana kochi sebuleni na moyo mzuri. Ni yule ambaye wazazi wake wanaishi Kilimani na anaweza kutembea kwa miguu hadi kazini. Mwajiri anapotangaza nafasi ya posho kidogo isiyo na msaada wa kuhama, anafikiri amechagua watu kwa bidii na kipaji. Amechagua kwa kitanda. Amewachuja Wakenya wote kwa swali moja ambalo hakuliandika kwenye tangazo: una mahali pa kulala Nairobi? Halafu baada ya miaka mitano unamsikia kwenye kongamano akishangaa mbona ofisi yake imejaa watu wa shule zilezile na mitaa ileile. Anasema vijana wa mashinani hawatumi maombi. Wanatuma, buda. Wanatuma, wanaitwa, wanapiga hesabu, wananyamaza.

Na wazo kwamba mwajiri hulipa safari ya mfanyakazi si jipya. Reli ya Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya 1896 na 1901 na vibarua karibu 32,000 walioletwa kutoka India kwa mkataba. Ilikuwa kazi ya mateso. Karibu 2,500 walikufa, na sitaki mtu aje kuniambia nawasifu wakoloni. Lakini mkataba wa wale vibarua ulikuwa na tiketi ya meli ya kuja na ya kurudi, na aliyelipa ni mwajiri. Hata wale waliomwona mfanyakazi kama mzigo walijua mzigo haujisafirishi. Zaidi ya miaka 120 baadaye, tunamwambia kijana mwenye diploma ajisafirishe, ajihifadhi, ajilishe, kisha aseme asante kwa kupewa fursa.

Serikali yenyewe inajua hili. Mtumishi wa umma akihamishwa kituo, kuna marupurupu ya uhamisho. Kampuni kubwa zikimleta meneja kutoka nje, zinamlipia ndege, nyumba, mpaka shule ya watoto, na hakuna anayemwambia aonyeshe kiu ya kazi. Kwa hivyo kanuni haijabadilika: anayeitwa mbali hugharamiwa. Kilichobadilika ni nani tunaona anastahili. Mwenye mshahara mkubwa anasaidiwa kuhama. Asiye na mshahara anaambiwa ajifunze maisha.

Ukitaka sheria, iko. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa, au amlipe pesa za kutosha kukodi nyumba juu ya mshahara, isipokuwa pale kodi imeshajumuishwa ndani ya malipo. Na sheria hiyohiyo ikieleza mfanyakazi ni nani, inamtaja pia mwanagenzi. Mawakili wanaweza kubishana mpaka usiku kama intani wa posho anaingia hapo. Mimi naona tu kwamba zile kampuni zinazoepa neno "mshahara" kama ukoma na kushikilia neno "posho" zinajua vizuri kwa nini zinachagua maneno yao.

Tena waajiri wenyewe huchangia shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, ushuru wa mafunzo unaosimamiwa na NITA. Maana yake nchi hii ilishakubali zamani kwamba kumfunza mtu ni gharama ya anayefaidika na kazi yake. Nauli ya kumfikisha kwenye mafunzo imekuwaje mzigo wa mbuzi?

Najua majibu. La kwanza: sisi ni kampuni ndogo, pesa hatuna. Hilo nalielewa, na kwa mwenye duka la watu wanne silisemi kwa kejeli. Lakini kuna mambo ambayo karibu hayana gharama. Lipa posho ya mwezi wa kwanza siku ya kwanza badala ya siku ya 30. Ni pesa ileile, umeisogeza tu. Mruhusu intani afanye kazi akiwa nyumbani wiki mbili tatu za mwanzo akijipanga. Mpe barua ya kumwonyesha landilodi, akubali dipositi ilipwe nusu nusu. Uliza wafanyakazi wako nani ana chumba cha ziada. Kama hata hayo yamekushinda, basi tangaza wazi kwamba unamtafuta mtu anayeishi karibu, ili mtoto wa Lodwar asipoteze bando kutuma maombi.

Jibu la pili: intani anapata ujuzi, na ujuzi ni malipo. Ujuzi ni kitu kizuri. Mpelekee keateka huo ujuzi tarehe tano, uniletee risiti.

Jibu la tatu ndilo baya zaidi, na hutoka kwa wenzetu waliotangulia: sisi tulilala kwa mkeka watu sita Kayole na tukatoboa. Pole kwa mkeka. Lakini waliolala hapo na hawakutoboa hawaalikwi kwenye paneli kusimulia. Na kama uliteseka, kwa nini unapigania mdogo wako arithi mateso badala ya arithi njia?

Sasa wewe unayesoma hii ukiwa na ofa kwenye baruapepe. Uliza. Uliza baada ya kupewa nafasi na kabla ya kusaini, kwa maandishi, na kwa namba. Usiandike "naomba msaada wowote mtakaojaliwa", maana hiyo ni lugha ya harambee na utajibiwa kama harambee. Andika: nimefurahi kupata nafasi hii na niko tayari kuanza tarehe fulani; natoka kaunti fulani; kuhamia Nairobi kutanigharimu kiasi fulani, mchanganuo huu hapa; je, kampuni inaweza kugharamia nauli na dipositi, au kunilipa posho ya kwanza nikiripoti? Mistari minne. Usiombe radhi ndani yake hata mara moja. Unataja bei ya kitu ambacho wao ndio wamekuita uje kukileta.

Wanaweza kukataa. Wengine watakataa kwa dharau, na wengine, kama ilivyonitokea, watampa mwingine nafasi. Sitakudanganya kwamba ujasiri hulipa kodi. Ndiyo sababu kuuliza peke yako usiku, ukiwa umeshikilia simu kwa woga, hakutoshi. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na malipo ya madaktari maintani yalikuwa katikati ya ule mvutano. Mwaka uohuo, walimu maintani walikwenda barabarani baada ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi kuamua kwamba TSC ilikiuka haki zao kwa kuwatumia kama maintani ilhali ni walimu waliohitimu. Hawa wote walipewa majina: wakorofi, wasio na shukrani, wanaoharibu nafasi za wengine. Lakini walisikika, kwa sababu waliuliza wakiwa wengi, na swali la wengi haliwezi kujibiwa kwa "kuna wengi wanaosubiri".

Sisi wa ofisi ndogo, wa vyombo vya habari, wa mashirika, wa benki, hatuna chama. Tuna simu. Basi tuambizane: kampuni gani hulipa nauli, gani hulipa posho mapema, gani hujibu kwa dharau. Intani anayeondoka amwachie anayeingia namba halisi alizotumia mwezi wa kwanza. Hizo siri tunazofichiana kwa aibu ndizo zinazowafanya waajiri waseme hakuna aliyewahi kuuliza.

Na kwenu waajiri, ombi langu ni dogo kuliko mnavyoogopa. Kabla ya tangazo la msimu ujao, ongezeni mstari mmoja chini ya posho: tunasaidia gharama za kuhama kwa kiasi hiki, au hatusaidii. Mkiona aibu kuandika hilo la pili, mnajua la kufanya.